Toleo jipya limegawa meza yangu: nipige kura?

Swali: "Salamu mtaalamu. Naongoza kundi la wachezaji wanne wa Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika mezani kwa dadu, mwaka wa tatu sasa, kwa vitabu vya 2014 (toleo la 5). Wahusika wao wamefika ngazi ya 9 na hadithi yetu inakaribia kilele. Mwenye mpiganaji amenunua vitabu vipya vya 2024 na anataka tuhamie mara moja. Mwenye paladini (shujaa wa upanga mwenye nguvu takatifu) amesema wazi kwamba tukihamia, yeye anaacha. Mwenye mwindaji nusu-elfi (mtoto wa binadamu na elfi, kiumbe wa ngano) anasema hajali, tufanye tunavyoona. Wa nne, mwenye mchawi, alijiunga mwaka jana baada ya kucheza Baldur's Gate 3 kwenye kompyuta, na anashangaa tunabishania nini maana kwake kanuni ni zile zile. Nafikiria tupige kura, wengi wape. Au niamue mwenyewe kama mwongozaji?"

Jibu:

Usipige kura. Matokeo yake nayaona hata kabla karatasi hazijakunjwa: mmoja ndiyo, mmoja hapana, mmoja hana neno, na mmoja hajui anapigia nini. Kura ya tano ni yako, na ndiyo itakayoamua. Utakuwa umeamua mwenyewe halafu ukawasingizia wenzako.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Anayetishia kuondoka hakunitia wasiwasi sana. Mtu anayesema "nitaacha" bado yuko mezani na anataka asikilizwe. Aliyenikosesha raha ni yule anayesema hajali. Nitamrudia.

Watu wakigombana kuhusu toleo jipya huongea kama wanaogombania kanuni: ipi ina mizani, ipi nyepesi, ipi imeharibiwa. Mimi nimeshaacha kuamini kwamba ugomvi uko hapo. Kundi likicheza pamoja kwa muda mrefu, kila mtu hujitafutia kona yake ndani ya mchezo. Mmoja anacheza mapigano na hesabu zake. Mwingine anaishi maisha ya mtu mmoja aliyemuumba, na mapigano kwake ni mvua tu ya njiani. Mwingine huja kwa ajili ya ile sekunde dadu inapoacha kubingirika na kusimama kwenye 20. Wanakaa meza moja kwa amani kwa sababu kanuni za zamani wamezizoea mpaka hawazioni tena. Kitabu kipya kikiletwa, kila mmoja anakifungua kwenye ukurasa wake, na anakuta kona yake imepanuliwa, imehamishwa au haipo kabisa. Siku hiyo ndipo kundi linagundua kwamba halikuwa linacheza mchezo mmoja.

Jambo lenyewe ni kongwe. Mchezo ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1974, na kufikia 1980 Glenn Blacow alikuwa ameshaandika makala inayowagawa wachezaji katika mielekeo minne: wanaotafuta nguvu, wanaopenda mbinu za vita, wanaoigiza, na wanaosimulia. Yaani ndani ya miaka sita tu, watu waliokuwa na vitabu vile vile mikononi walikuwa wakicheza vitu tofauti kiasi cha kuhitaji kupangwa kwa makundi.

Ukitaka kuona kona za watu zikibomolewa, tazama mwaka 2008. Toleo la 3, lililotoka 2000 na kurekebishwa 2003, lilikuwa na ugonjwa unaojulikana: wahusika wakifika ngazi za juu, mchawi anafanya kila kitu na mpiganaji anabaki kuzungusha upanga. Toleo la 4 likautibu ugonjwa huo bila kuogopa. Kila mhusika akapewa nguvu zilizopangwa kwa mtindo mmoja: za kutumia wakati wote, za mara moja kwa pambano, na za mara moja kwa siku. Waliokuwa wamechoka kusema "napiga" kila zamu wakashangilia. Kwa wale waliopenda mchawi awe kiumbe wa ajabu asiyefanana na wenzake, dawa ilikuwa chungu kuliko maradhi. Mwaka uliofuata kampuni ya Paizo ikatoa Pathfinder, mchezo uliojengwa juu ya kanuni zile za 2003 kwa kutumia leseni huria, iliyowaruhusu wengine kuzitumia kanuni hizo, iliyokuwepo tangu 2000. Meza nyingi zikahamia huko kuendelea na mchezo wao wa zamani kwa jina jipya. Mwaka huo huo wa 2009, mchezo mwingine wa aina hii, Warhammer Fantasy Roleplay, nao ulitoa toleo la 3 lenye dadu zake maalumu na kadi tele. Toleo lake la 4, mwaka 2018, likarudi kwenye dadu za asilimia. Linganisha na mchezo wa Call of Cthulhu, uliotoka 1981: katika toleo lake la 7, kazi kubwa ya kumhamisha mhusika wa zamani ni kuzidisha sifa zake kwa tano ziwe asilimia. Kisa cha miaka ya 1980 unaweza kukiendesha leo huku ukikokotoa kichwani.

Mwaka ule wa 2008 mimi nilikuwa mwongozaji, na nilifanya kosa unalotaka kulifanya. Tulikuwa katikati ya hadithi, nikapiga kura, wanne wakasema ndiyo, mmoja hakuchagua, tukahamia toleo la 4. Yule mmoja hata hakupiga kura ya hapana. Alisema yeye yuko tayari kwa lolote. Alikuwa na druidi, kuhani wa maumbile. Kitabu cha wachezaji cha 2008 hakikuwa na druidi. Alikuja kutokea katika kitabu cha pili, mwaka 2009. Nikamwambia tumgeuze mchawi kwa muda, tubadilishe maelezo tu. Akakubali kwa upole. Akaja mara tatu, mara ya nne akawa na udhuru, mara ya tano sikumwona tena. Hakugombana na mtu. Ndiyo maana nawaambia waongozaji: mwenye kovu usidhani kapoa, na huyo paladini wako huenda ana kovu la namna hiyo kutoka meza nyingine. Muulize.

(Kama unadhani ni ajali ya mara moja, mfuate nusu-orki, mtoto wa binadamu na orki, kiumbe mwingine wa ngano. Aliondolewa kwenye kitabu kikuu cha wachezaji mwaka 1989, akarudishwa 2000, akakosekana 2008, akarudi kwenye kitabu cha pili 2009, akawa na nafasi yake 2014, na 2024 nafasi hiyo amepewa orki kamili. Maskini, anaishi na mizigo yake mlangoni.)

Sasa tuwatazame watu wako.

Mwenye paladini hajakosea hesabu. Kwa kanuni za 2014, paladini wa ngazi ya 9 hupiga mara mbili kwa zamu, na kila pigo linapofika anaweza papo hapo kuchoma nafasi ya uchawi (sehemu ya akiba yake ya siku) kuongeza pigo takatifu. Akichoma nafasi mbili za daraja la 3, anarusha dadu nne za pande 8 mara mbili: wastani wa 36, juu ya madhara ya silaha yenyewe, ndani ya zamu moja. Kwa kanuni za 2024 pigo takatifu limekuwa uchawi kamili unaotumia kitendo cha nyongeza, yaani kile kidogo cha ziada, na kitendo cha nyongeza ni kimoja tu kwa zamu. Wastani unashuka kuwa 18. Tena, kwa kuwa sasa ni uchawi, adui anayejua kuzima uchawi anaweza kuuzima.

Mimi naona badiliko hilo ni zuri kwa mchezo. Mapambano mengi ya kilele yalikuwa yanakufa katika zamu ya kwanza ya paladini, mwongozaji akibaki ameshika karatasi ya joka aliloliandaa wiki nzima. Lakini usimwambie hivyo, wala usimsomee orodha ya fidia: kwamba kuponya kwa mikono sasa ni kitendo cha nyongeza, kwamba pigo moja takatifu kwa siku ni la bure, kwamba farasi wake anaitwa bila gharama. Yote ni kweli, na hayamgusi. Kinachomuuma ni kwamba kuna usiku fulani katika miaka hii mitatu, wewe unaujua na mimi siujui, aliporusha dadu mbili zikafika zote mbili na meza nzima ikasimama. Anaogopa kwamba usiku ule sasa utaitwa kasoro iliyorekebishwa.

Mwenye mpiganaji watu watamwona ni mpenda vipya. Mimi namwona kama mtu aliyesubiri miaka mitatu. Mpiganaji wa 2014, kutegemea njia aliyochagua, anaweza kwenda kampeni nzima akisema "napiga, napiga tena". Kitabu cha 2024 kinampa umahiri wa silaha: upanga mkubwa wa mikono miwili unaumiza kidogo hata unapokosa, nyundo kubwa inaweza kumwangusha adui chini, silaha nyingine inamsukuma nyuma au kumpunguzia kasi. Ni malalamiko yale yale ya 2008, safari hii yamejibiwa kwa sauti ya chini zaidi. Hasara yake utaiona wewe mwongozaji: pigo la kuangusha linamtaka adui arushe dadu kujinusuru, na mpiganaji ana mapigo mengi, kwa hiyo zamu yake itarefuka. Si sana, lakini usiku mrefu utaihisi.

Mgeni wenu wa Baldur's Gate 3 yuko sahihi kwa namna yake. Kwenye mchezo ule wa 2023 kunywa dawa ya kuponya ni kitendo cha nyongeza, jambo ambalo kitabu cha 2014 hakikuruhusu na cha 2024 kinaruhusu. Kwake toleo jipya ndilo alilolikuta. Matarajio yake yako kwingine: amezoea kompyuta ambayo kila swali lina jibu moja na hakuna anayebisha. Huyo hataumizwa na 2014 wala 2024. Ataumizwa na mchanganyiko, na kwa kuwa ana mchawi, ataumizwa kuliko wote, maana uchawi mwingi una jina lile lile katika vitabu vyote viwili na unafanya kazi tofauti. Uchawi wa kuita wanyama, kwa mfano (huo ni wa mwindaji, si wa mchawi), kwa kanuni za zamani unaweza kuleta wanyama wanane, kila mmoja na pigo lake, na meza inalala usingizi wakihesabiwa. Kwa kanuni mpya ni kundi moja la roho linalotembea pamoja uwanjani.

Halafu kuna nusu-elfi. Umefungua kitabu kipya cha wachezaji ukamtafuta? Hayumo. Elfi yumo, binadamu yumo, orki na goliathi wamo, nusu-elfi ameachwa. Kikanuni si tatizo, kwa kuwa asili za vitabu vya awali zinaruhusiwa kuendelea kutumika, na nyongeza za sifa zilizokuwa zinatokana na asili sasa zinatokana na maisha ya awali ya mhusika. Sentensi moja yako inammalizia mashaka. Lakini sentensi hiyo hujaisema, kwa sababu amekwambia hajali na ukamwamini. "Sijali" yake inaweza kuwa na maana kwamba kanuni hazimhusu mradi mtu wake abaki mzima. Hajui kwamba mtu wake ndiye asiye na ukurasa. Na kuna la pili: mwindaji wa 2024 amejengwa kuzunguka uchawi mmoja, alama ya windo, unaodai umakini wote wa mhusika, yaani hawezi kushikilia uchawi mwingine wa namna hiyo kwa wakati mmoja. Kama yeye amezoea kuutumia umakini huo kwa mambo mengine, atakuta zawadi zake nyingi mpya zimening'inizwa kwenye kitu asichokitumia. Wachezaji wengi wa mwindaji wamelalamikia hilo, na mimi nawaunga mkono. Kati ya aina zote 12 za wahusika, hii ndiyo kazi ninayoiona dhaifu kuliko zote katika kitabu ambacho kwa jumla nakipenda.

Bado mtu mmoja. Barua yako nzima haisemi wewe unataka nini. Unauliza tu utawezaje kuwaridhisha wengine. Lakini wewe ndiye utakayesoma vitabu vitatu (cha wachezaji cha Septemba 2024, cha mwongozaji cha Novemba mwaka huo, na cha viumbe cha Februari 2025), na wewe ndiye utakayegundua saa tatu usiku kwamba mbwa mwitu wa sasa akimuuma mtu anamwangusha bila mtu huyo kupewa nafasi ya kujinusuru. Kama wazo hilo linakuchosha, sema. Kama linakusisimua, sema pia. Hamu ya mwongozaji ina uzito wake mezani, kwa kuwa saa za maandalizi zinatoka kwake.

Ninachokushauri ni hiki. Malizeni hadithi yenu kwa kanuni za 2014. Mko ngazi ya 9, kilele kiko karibu, na kila mmoja alijenga mhusika wake akitegemea ahadi ambazo kitabu kile kilimpa. Kumhamisha mhusika katikati ya safari kunawezekana, mchapishaji mwenyewe ameyauza matoleo haya mawili kama yanayoelewana, wala hakutaka kuliita hili jipya toleo la sita. Ila vitabu vikielewana haimaanishi kwamba watu waliokaa mezani wameelewana.

Mpiganaji usimwache mikono mitupu hadi mwisho. Mpe umahiri wa silaha sasa hivi, ndani ya hadithi hii hii. Ndicho kipande kinachohama kwa urahisi kuliko vyote, na paladini naye ataupata kwa silaha yake, bila kuguswa pigo lake takatifu. Ongezeni dawa kunywewa kwa kitendo cha nyongeza, mgeni wenu atafurahi. Kanuni mpya ya uchovu nayo ni nyepesi mno kuikataa: kila ngazi ya uchovu inapunguza 2 kwenye kila dadu ya pande 20, hakuna tena jedwali la kukumbuka. Zaidi ya hapo simama. Uchawi wote utoke kitabu kimoja kwa watu wote. Aina ya mhusika itoke kitabu kimoja tangu ngazi ya kwanza hadi mahali alipo. Ukiruhusu mtu achague pigo takatifu la zamani na uponyaji mpya, kesho utakuwa hakimu wa kesi ndogo ndogo usiku kucha.

Mkishamaliza, kabla ya hadithi mpya, chukueni vikao viwili vya majaribio, na mwongozaji asiwe wewe. Awe mwenye mpiganaji. Vitabu ni vyake, hamu ni yake, na kazi ya kuvisoma iwe yake. Wewe keti upande wa wachezaji upumzike. Aandae pambano moja, mlicheze kwa kanuni za 2014 kikao cha kwanza na kwa za 2024 kikao cha pili, uwanja ule ule na maadui wale wale kutoka kila kitabu. Msitumie wahusika wenu. Mtu akijaribu kanuni mpya kwa mhusika anayempenda hupima alichopoteza. Akipewa mgeni asiyemjua hupima mchezo. Mpe mwenye paladini mpiganaji mwenye nyundo ya kuangusha. Mwenye mpiganaji, akiwa nyuma ya pazia la mwongozaji, ataonja kidogo kile unachokionja kila wiki, na huenda hamu yake ikapata adabu.

Baada ya hapo usiwaulize wanataka toleo gani. Waulize mmoja mmoja, si kwenye kundi: ni kikao gani katika miaka hii mitatu ungependa kukirudia? Majibu manne yatakueleza zaidi ya kura. Kama mwenye paladini atataja usiku wa mapigo mawili, unajua anachotetea, na unaweza kuamua pamoja naye kama kundi zima lina nafasi ya kumruhusu pigo la zamani katika hadithi ijayo. Mimi ningemruhusu, kwa sharti kwamba maadui waongezewe uhai. Kama atataja jambo lisilohusu pigo kabisa, mazungumzo yamekuwa mepesi kuliko mlivyofikiri.

Na kama hata hivyo hataki, msimfukuze wala msimbembeleze. Toleo la 2014 halijaisha muda wake. Januari 2023, baada ya ugomvi mkubwa juu ya leseni, mchapishaji aliziweka kanuni zake za msingi chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo haiwezi kubatilishwa, hakuna atakayemnyang'anya. Kuna watu hadi leo wanacheza kanuni za miaka ya 1970, na tangu 2006 zimekuwa zikichapishwa upya na wapenzi wake. Anaweza kuongoza meza yake siku nyingine ya wiki, na wewe ukaenda kuwa mchezaji wake.

Hayo yote yanaweza kusubiri mwezi. Lisilosubiri ni simu moja. Mpigie mwenye nusu-elfi leo, kabla ya wengine, umwambie ukurasa wake haumo kwenye kitabu kipya na kwamba mtu wake anabaki kama alivyo, vyovyote mtakavyoamua. Kisha nyamaza, umsikilize.